Gemu Moja, Mashine Nne: Namna ya Kupima Picha na Kasi Kabla Hujatoa Hela Yako

Mama mmoja wa Igoma alikuja kwenye kibanda changu cha gemu Mabatini, hapa Mwanza, Jumamosi mchana, saa ile benchi limejaa na kelele za magoli zinafika barabarani. Alikuwa amemshika mkono mwanawe wa darasa la sita. Nilikuwa na runinga mbili pembeni kwa pembeni, moja ina PS4, nyingine PS5, yaani PlayStation ya zamani na mpya, zote ziko kwenye mpira. Akatazama huku, akatazama kule, akaniuliza: "Mwanangu, si mpira ule ule huu? Mbona bei imepishana kama dagaa na sangara?"

Nikaanza kumtupia maneno ya kwenye boksi: 4K, teraflopi, SSD. Akawa ananiitikia "ehee", ile ya mtu anayesubiri umalize. Nikanyamaza, nikamvutia kiti. "Kaa mama, nipe nusu saa uone mwenyewe."

Yanayofuata hapa ndiyo ile nusu saa, pamoja na mengine niliyojifunza kwa kuchoma hela zangu. Yatamfaa anayenunulia watoto nyumbani, na pia anayetaka kufungua banda la gemu akaogopa kuingia mkenge.

Kwanza uelewe kazi inayofanywa na mashine

Umewahi kumtazama mtu anayeanika dagaa? Basi picha ya gemu ni turubai, na kila dagaa mmoja ni pikseli, yaani nukta moja ya picha. Turubai la 720p (namba hiyo ni mistari ya picha toka juu hadi chini) linabeba dagaa 921,600. La 1080p linabeba 2,073,600. La 4K linabeba 8,294,400, yaani mara nne ya 1080p. Sasa mwanikaji wetu hapewi asubuhi nzima. Anatakiwa ajaze turubai lote, alikung'ute, alijaze upya, mara 30 au mara 60 kila sekunde. Kila turubai lililojaa ni fremu moja. Kwa fremu 60 ana milisekunde 16.7 tu kwa kila turubai. Kwa fremu 30 ana 33.3.

Akizidiwa, ana ujanja wa aina tatu. Anaweza kupunguza dagaa, na hapo picha inakuwa na ukungu. Anaweza kupunguza mara za kuanika, na hapo gemu inakuwa nzito mkononi. Au anaweza kuanika kwa kulipua: vivuli vinakatwa, watazamaji uwanjani wanafanana wote kama waliochorwa kwenye kadibodi, majani yanatoweka mbali ya barabara. Karibu kila tofauti utakayoiona kati ya mashine na mashine ni mojawapo ya hizo tatu, au mchanganyiko wake. Gemu nyingi za siku hizi zina ujanja wa kubadilisha idadi ya dagaa katikati ya kazi: uwanja ukitulia zinaweka wengi, vurugu ikianza langoni zinapunguza, halafu zinarudisha. Ndiyo maana picha moja ya kwenye tangazo haikwambii kitu.

Na hizo teraflopi, yaani kipimo cha hesabu ambazo chipu ya picha inaweza kupiga kwa sekunde? PS4 ya kwanza, ya mwaka 2013, ina 1.84, Xbox One ya mwaka huohuo ina 1.31, PS4 Pro ya 2016 ina 4.2, Xbox One X ya 2017 ina 6. Kisha 2020 zikaja Xbox Series S yenye 4, PS5 yenye 10.28 na Series X yenye 12. Ukisoma hivyo tu utadhani Series S ni ndogo kuliko PS4 Pro. Kumbe ubongo wake, ile prosesa, ni wa kizazi kipya kabisa, na inasoma gemu kutoka SSD badala ya diski ya kuzunguka. Linganisha teraflopi ndani ya kizazi kimoja. Ukivuka kizazi, namba hiyo inakupoteza.

Hatua ya 1: Jua unacheza toleo gani

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jina moja kwenye kava halina maana ya gemu moja ndani. Chukua mpira, maana ndio unaolisha vibanda vyote kuanzia Buhongwa mpaka Kisesa. FIFA 17 ilipohamia injini mpya ya Frostbite, yaani programu inayouendesha mchezo wenyewe, ilihama kwenye PS4 na Xbox One. PS3 na Xbox 360 zilibaki na injini ya zamani, jina likawa lile lile. FIFA 19 ndiyo ikawa ya mwisho kwa hizo mashine za zamani. FIFA 22 ikachora mstari mwingine: miondoko mipya ya wachezaji iliyoitwa HyperMotion iliwekwa kwenye PS5 na Xbox Series, PS4 haikuipata. Na upande wa Nintendo Switch, kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23 kilichouzwa ni toleo lililoitwa Legacy: jezi mpya na vikosi vipya, lakini mchezo ni ule ule wa miaka ya nyuma. Mwenye Switch alianza kupata injini ya Frostbite kwenye FC 24, lile jina jipya la FIFA.

Kwa hiyo ukiona kijana anakwambia "FIFA ya PS5 wachezaji wanageuka kama watu kweli, ya PS4 wanateleza," haoti. Hapo hatuongelei ung'avu tena. Mchezo wenyewe ni mwingine.

GTA V nayo imepita vizazi vitatu. Septemba 2013 ilitoka PS3 na Xbox 360, kwa 720p na fremu 30. Novemba 2014 ikaja PS4 na Xbox One kwa 1080p, bado fremu 30, lakini magari yameongezeka barabarani na unaweza kuona kwa macho ya mhusika mwenyewe. Machi 2022 ikaja PS5 na Xbox Series, ambapo unachagua: picha kali kwa fremu 30, au mwendo laini kwa fremu 60. Sasa sikiliza. Ukichukua diski ya GTA V ya PS4 ukaitia kwenye PS5, itacheza, lakini itacheza lile toleo la PS4, fremu 30 zake zile zile. Nimeona mtu amenunua PS5 kwa jasho la msimu mzima wa sangara, kaweka diski ya zamani, kisha anauliza mbona haoni mabadiliko.

Namna ya kukagua: kwenye PS5, simama juu ya gemu, fungua ile menyu ya nukta tatu, utaona toleo. Gemu ya PS4 huandikwa PS4 waziwazi. Na kumbuka mlango unafunguka upande mmoja: PS5 yenye sehemu ya diski inasoma diski za PS4, lakini PS4 haisomi diski za PS5 hata uipige maombi.

Kingine ni apdeti. Cyberpunk 2077 ilipotoka tarehe 10 Desemba 2020, kwenye PS4 na Xbox One za kawaida ilikuwa mbovu kiasi kwamba Sony waliiondoa dukani kwao mwezi huohuo, na ikarudi Juni 2021. Diski ya mwanzo bado inazunguka mitaani. Kama kwako bando ni la kuhesabu, jaribu gemu jinsi utakavyoicheza: bila apdeti kama hutaipakua, na apdeti kama utaipakua. Usilinganishe mashine moja iliyopakua kila kitu na nyingine iliyotolewa stoo jana.

Hatua ya 2: Runinga kwanza, mashine baadaye

Nitajitaja mwenyewe. Niliponunua PS4 Pro ya mtumba, niliiunganisha kwenye runinga ya inchi 32 iliyokuwa dirishani. Wiki tatu nzima nilikuwa nawaambia wateja "hii ndiyo 4K". Siku moja mwanafunzi wa chuo pale Malimbe akageuza runinga, akasoma kibandiko cha nyuma, akacheka: 1366 kwa 768. Yaani dagaa zote za 4K nilikuwa nazimwaga kwenye turubai ambalo haliwezi kubeba hata za 1080p. (Bado anakuja kucheza. Bado anacheka.)

Basi fanya hivi. Soma kibandiko cha nyuma au kijitabu, usisome stika ya mbele. Maneno kama "HD Ready" au "inapokea 4K" hayakwambii kioo chenyewe kina pikseli ngapi hasa. Kama kioo ni 1366 kwa 768, tofauti ya 1080p na 4K ni ya kusimuliwa tu. Utakachonufaika nacho kwenye mashine kubwa ni mwendo, muda wa kufunguka gemu, na kingo za vitu kuwa laini kidogo.

Ukienda kupima, tumia runinga moja kwa mashine zote, tundu lile lile la HDMI, waya ule ule. Runinga nyingi zina mpangilio wa picha uitwao Game. Uwashe. Usipouwasha, runinga inachukua kila fremu, inaisafisha, inaipaka rangi, kisha ndiyo inakuonyesha, na wewe umeshabonyeza pasi zamani. Zima pia ule ulainishaji wa mwendo uliotengenezwa kwa ajili ya sinema. Unaifanya gemu ya fremu 30 ionekane kama ya 60 kwa macho huku mkono ukijua ukweli.

Duka moja mjini lilikuwa na mtindo wa kuweka mashine ya bei kubwa kwenye runinga mpya ya inchi 55, na ile ya bei ndogo kwenye runinga iliyochoka pembeni. Mteja anadhani anapima konsoli, kumbe anapima vioo. Ukikuta hivyo, omba kwa upole wabadilishane nyaya. Muuzaji mwaminifu atabadilisha.

Hatua ya 3: Sawazisha mipangilio

Hii ni fupi. Kwenye kila mashine ingia sehemu ya picha, weka pato moja kwa zote, tuseme 1080p. Zima HDR, ule mpangilio wa mwanga na rangi pana zaidi, kama runinga yako si ya kiwango hicho, vinginevyo rangi zitapauka na utailaumu konsoli. Angalia upana wa rangi wa RGB: mashine ikiwekwa upana mmoja na runinga upana mwingine, weusi unameza vivuli vyote au kila kitu kinakuwa kijivu. Mara nyingi ukiiacha kwenye kujichagulia yenyewe inakaa sawa.

Ndani ya gemu, tafuta kama kuna chaguo la Performance na Fidelity, au maneno ya aina hiyo. La kwanza ni fremu nyingi, la pili ni pikseli nyingi na vivuli vizuri. Kulinganisha PS5 iliyo kwenye moja na Series X iliyo kwenye jingine ni kulinganisha mbio za mita 100 na kubeba gunia.

Kwenye PS4 Pro kuna kitu kinaitwa Boost Mode, kilichokuja na sasisho la mwaka 2017. Kinaziachia gemu za zamani zitumie nguvu ya ziada hata kama hazikutengenezewa Pro. Kiwashe, kisha ujaribu.

Hatua ya 4: Chagua tukio gumu, lirudie lile lile

Mashine haitolewi jasho na mpira ukiwa katikati ya uwanja. Mimi kwa mpira natumia kona: wachezaji karibu wote wamejazana, nyavu ziko karibu, mashabiki nyuma, na kama gemu inaruhusu naweka mvua na usiku. Kisha marudio ya goli, kwa sababu hapo kamera inasogea karibu. Ndipo utaona nywele, jasho na kitambaa cha jezi. Gemu nyingi za mpira huzipunguza fremu kwa makusudi kwenye marudio na sherehe za goli, kwa hiyo usiseme "imeanza kuganda" kwa kuangalia pale. Kipime kipindi cha kucheza.

Kwa GTA, panda gari la kasi kuliko yote, pita katikati ya mji mchana, kisha lipua magari mawili kwenye makutano. Kwa gemu za mapigano, kila mtu atoe pigo lake kubwa kwa pamoja.

Fanya tukio hilo hilo mara tatu kwa kila mashine. Mara moja ni bahati.

Hatua ya 5: Pima, usikisie

Utahitaji simu, karatasi, kalamu, na mtu wa kukusaidia kushika.

Anza na muda wa kufungua. Saa ya simu, kuanzia kubonyeza hadi kuushika mpira. Hapa ndipo SSD ya PS5 na Series inapoonekana hata kwa bibi yako asiyejua padi ni nini. Kwa mwenye banda hiki si kitu kidogo: mteja akilipia kwa muda, kila dakika ya kuzunguka kwa kiduara ni ugomvi.

Kisha kasi ya fremu. Simu nyingi zina video ya mwendo wa taratibu, ama fremu 120 ama 240 kwa sekunde. Weka simu juu ya kitabu isitikisike, rekodi skrini wakati kamera ya gemu inasogea pembeni, halafu icheze video fremu kwa fremu. Kama simu inachukua 240, gemu ya fremu 60 itabadilisha picha kila baada ya fremu 4 za simu. Gemu ya 30, kila baada ya 8. Kwa simu ya 120 itakuwa 2 na 4. Ukiona mara 4, mara 4, mara 8, mara 4, mara 12, basi umekamata kuganda, hata kama muuzaji anaapa kwa mama yake. Na jambo moja la kushangaza: mashine yenye fremu 30 zilizopangika vizuri hupendeza kuliko yenye fremu 50 zinazorukaruka. Jicho huzoea mdundo, linachokichukia ni mdundo uliovunjika.

Baada ya hapo, uzito wa padi. Rekodi kidole na skrini katika picha moja. Hesabu fremu za simu tangu kidole kimezamisha kitufe hadi mchezaji ameanza kuitikia. Fremu 24 za simu ya 240 ni sehemu ya kumi ya sekunde, yaani milisekunde 100. Fanya mara tano, chukua ya katikati. Kwa wachezaji wangu wa ligi ya kibandani, hiki ndicho kipimo pekee wanachokijali. Wako tayari kucheza kwenye picha ya matope mradi mpira uitike. Mimi nakubaliana nao. Nikilazimishwa kuchagua kati ya 4K kwa 30 na 1080p kwa 60, sifikirii mara mbili.

Mwisho ni ung'avu wenyewe. Simamisha gemu mahali pale pale kwenye kila mashine, sogea karibu, tazama vitu vyembamba: nyavu, nyaya za umeme, majani, nywele. Kingo zikiwa kama ngazi au zikimetameta unaposogea, dagaa ni wachache. Kisha rudi nyuma, ukae umbali utakaokaa nyumbani kwako, utazame tena. Kama hapo huoni tofauti, usiilipie.

Mifano ya kukupa jicho: Call of Duty: Ghosts, mwaka 2013, ilikuwa 1080p kwenye PS4 na 720p kwenye Xbox One, na wapenzi wa pande mbili walitukanana miezi mingi. Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018 ni darasa zuri zaidi: Xbox One ya kawaida 864p, PS4 1080p, Xbox One X 4K kamili, zote kwa fremu 30. PS4 Pro ikachora nusu ya pikseli, 1920 kwa 2160, halafu ikajaza zilizobaki kwa hesabu. Matokeo yake ni kwamba picha ya Pro ina ulaini fulani kama kioo kilichopumuliwa, wakati PS4 ya kawaida kwenye runinga ya 1080p inaonekana safi kabisa. Aliyenunua kubwa hakupata kubwa kila mara.

Switch ni habari nyingine. The Witcher 3 ilipowekwa humo mwaka 2019, ilikuwa karibu 720p ukiunganisha na runinga na karibu 540p ukiishika mkononi. Kwenye kioo chake kidogo unaweza kusema ni miujiza. Kwenye inchi 50 utatafuta miwani. Basi Switch ipime namna zote mbili, na uamue kwa ile utakayoitumia.

Hatua ya 6: Iache ichemke

Mashine yoyote ni nzuri dakika kumi za kwanza. Sharti langu kwa muuzaji wa mtumba ni saa moja, gemu nzito, mlango umefungwa kidogo kama ilivyo kwenye vibanda vyetu vya mabati saa nane mchana. Sikiliza feni. PS4 za mwanzo na Pro zikiwa na vumbi huunguruma kama boti ya injini inayotoka Kamanga. Kelele peke yake si ugonjwa, ila ikifuatiwa na gemu kuganda, au mashine kuzima yenyewe na kusema imepata joto, hapo unanunua kazi ya fundi: kuifungua, kuisafisha, kubadilisha ile krimu ya kupitishia joto juu ya prosesa. Rudia kipimo cha fremu mwisho wa saa hiyo, ulinganishe na cha mwanzo.

Sisi wa kando ya ziwa tuna adui ambaye vitabu vya mashine havimtaji: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi na kukimbilia kila penye taa. Usiku mmoja wa wadudu hao, mlango ukiwa wazi na runinga zinawaka, feni ya konsoli inavuta bakuli zima. Wanakauka humo ndani, wanashikana na vumbi, wanakuwa kama blanketi. Ukikagua mtumba uliotumika Kirumba, Igombe au visiwani, mulika tochi kwenye matundu ya nyuma. Ukiona kitu kama pilipili manga iliyosagwa, punguza bei au udai isafishwe kwanza. Kwako, weka mashine juu ya meza, mbali na taa, na ikifika saa ya wadudu shusha pazia.

Hatua ya 7: Piga hesabu ya maisha yenyewe

Tofauti nyingine za mashine haziko kwenye skrini.

Diski. Series S haina mahali pa kutia diski, na PS5 Pro iliyotoka Novemba 2024 inauzwa bila sehemu hiyo, ukitaka unaongeza ya pembeni. Maana yake kila gemu ni ya kupakua, na gemu kubwa za sasa zinaweza kupita GB 100. Tena hutaazimana na jirani, wala huuzi ukiichoka. Ghala lenyewe la Series S ya kwanza limeandikwa GB 512, lakini linalobaki kwa gemu ni kama GB 364. La PS5 ya kwanza limeandikwa 825 na linabaki kama 667. Mtu mwenye intaneti ya waya nyumbani Capri Point anaweza kuipenda Series S, na kwa bei yake ni mashine ya maana sana. Anayetegemea bando la simu afikiri mara ya pili.

Umeme. Jumlisha wati za konsoli na za runinga, zidisha kwa saa unazocheza, gawanya kwa 1,000, umepata uniti za Luku. Tuseme konsoli inakula wati 150 na runinga 60: saa kumi za banda ni uniti 2.1 kwa kituo kimoja. Series S inakula kidogo sana kuliko dada yake Series X. Switch ikiwa kwenye runinga haifiki hata wati 20, na ina betri yake. Ndugu yangu mmoja anayeishi Ukerewe kwa umeme wa jua aliitoa PS4 akachukua Switch, hakuangalia nyuma. Kama mashine imetoka nje ya nchi, soma kibandiko chake uhakikishe inakubali volti 220 hadi 240 kabla ya kuichomeka popote.

Marafiki. Kuanzia FIFA 23 mtu wa PlayStation anaweza kukutana mtandaoni na mtu wa Xbox, ila ndani ya kizazi kimoja: PS4 na Xbox One kivyao, PS5 na Xbox Series kivyao. Kama kundi lako lote la Nyegezi limehamia PS5, PS4 yako itakuacha ukicheza na wageni.

Yule mama wa Igoma tulimpima kwa mambo hayo hayo. Runinga ya nyumbani kwake ni inchi 32 ya 768. Intaneti ni simu yake mwenyewe. Watoto wa majirani wana diski za PS4 wanazobadilishana kama sahani za pilau siku ya Idi. Kijana naye nilimfunga kitambaa, nikampa padi mbili bila kumwambia ipi ni ya wapi, nikakifungua akiwa tayari mbele ya skrini. Alipenda ya PS5, lakini alipoulizwa kwa nini, alisema "inafunguka haraka". Mama akasema kusubiri hakujawahi kumuua mtoto. Akachukua PS4 Slim na padi mbili.

Hatua ya 8: Kabla hela haijatoka mkononi

Mwambie muuzaji aondoe akaunti yake mbele ya macho yako na airudishe mashine kama ilivyotoka kiwandani. Kisha ingiza akaunti yako, unganisha na simu, uhakikishe inaingia mtandaoni. Mashine iliyofungiwa mtandao inacheza diski vizuri tu na haitakwambia mpaka ufike nyumbani. Tia diski, itoe, itie tena. Jaribu matundu yote ya USB. Sukuma vijiti vyote viwili vya padi kisha uviachie: mchezaji akiendelea kutembea mwenyewe, padi hiyo imechoka, kata bei ya padi mpya. Andika namba ya mashine kwenye risiti, na ile karatasi yako ya vipimo ikunje uiweke ndani ya boksi pamoja nayo. Baada ya miezi sita utarudia kile kipimo cha saa moja, na utajua kama ni gemu mpya iliyo nzito au ni wadudu.